Huduma ya upendo ya Wakristo wa Shinyanga na Geita

Huduma ya upendo ya Wakristo wa Shinyanga na Geita ni matendo ya kila siku ambayo waamini wa madhehebu mbalimbali ya Ukristo katika mikoa hiyo miwili ya kaskazini magharibi mwa Tanzania huwafanyia majirani kwa sababu ya imani yao: kutembelea wagonjwa, kuteka maji na kuchanja kuni kwa ajili ya wazee, kulea yatima, kuzika wafu, kukaa na wafiwa, na kumsimamia mtu anayetuhumiwa au kuwindwa bila kosa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo haina ofisi wala ripoti ya mwaka. Hufanywa na watu wa kawaida, hasa wanawake, kati ya nyumba na nyumba.

Msingi wake katika Biblia ni ule unaojulikana na Wakristo wote: mfano wa Msamaria mwema (Lk 10:25-37), hukumu ya mwisho (Math 25:31-46) na fundisho la Mtume Yakobo kwamba imani bila matendo imekufa (Yak 2:14-17). Katika Kanisa Katoliki matendo hayo huitwa matendo ya huruma, nayo ni 14: saba ya kimwili na saba ya kiroho. Walutheri hutumia zaidi neno udiakonia.

Kinachoipa huduma hiyo sura ya pekee katika eneo hili ni mambo mawili. Kwanza, wenyeji wengi ni Wasukuma, kabila lenye utaratibu wa zamani na wenye nguvu wa kusaidiana, ambao Ukristo uliukuta na kuutumia. Pili, katika eneo hilohilo watu wameuawa na majirani zao kwa tuhuma za uchawi au kwa kutafuta viungo vya miili yao. Kwa hiyo swali ambalo mwanasheria alimuuliza Yesu, jirani yangu ni nani, hapa limekuwa suala la uhai na kifo.

Eneo na watu

Kadiri ya sensa ya mwaka 2022, mkoa wa Shinyanga ulikuwa na wakazi 2,241,299 na mkoa wa Geita 2,977,608. Geita ilifanywa mkoa mwaka 2012 kwa kumega mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Wengi wa wakazi ni wakulima wa pamba, mpunga na mahindi, na wafugaji wa ng'ombe. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na mwanajiolojia Mkanada John Williamson. Dhahabu ya Geita ilianza kuchimbwa kwa mitambo wakati wa ukoloni. Mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, wilayani Kahama, mwaka 2001. Kuzunguka migodi hiyo kuna maelfu ya wachimbaji wadogo waliotoka kila pembe ya nchi.

Wakristo wanaishi pamoja na Waislamu na watu wengi wanaofuata dini ya jadi. Mara nyingi dini zote tatu zimo katika ukoo mmoja, na ni kawaida Msukuma aliyebatizwa kuendelea kushiriki matambiko ya wazee wake.

Historia

Huduma kwa wahitaji ilianza pamoja na misheni zenyewe. Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, walifungua misheni ya Ushirombo mwaka 1891, na huko waliwalea watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Masista wa shirika hilo waliwafuata mwaka 1894. Ushirombo kwa sasa iko katika wilaya ya Bukombe, mkoa wa Geita.

Upande wa Waprotestanti, Africa Inland Mission ilifika Usukumani mwaka 1909. Mwaka 1913 ilianzisha kituo cha Kolandoto, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, ambacho kimekuwa hospitali na chuo cha wauguzi. Kwa muda mrefu Kolandoto ilijulikana pia kwa kuwatunza wagonjwa wa ukoma, watu ambao wakati ule hata ndugu zao walikuwa wakiwatenga. Hospitali hiyo inamilikiwa na Africa Inland Church Tanzania (AICT), kanisa lililotokana na misheni hiyo.

Jimbo Katoliki la Shinyanga liliundwa mwaka 1956 likikabidhiwa kwa wamisionari wa Maryknoll kutoka Marekani. Askofu wake wa kwanza alikuwa Edward McGurkin. Baadaye yakazaliwa majimbo ya Kahama (1983) na Geita (1984). Aloysius Balina, mzaliwa wa Shinyanga, alikuwa askofu wa kwanza wa Geita, kisha akahamishiwa Shinyanga mwaka 1997, alipohudumu hadi kifo chake mwaka 2012. KKKT nayo ina Dayosisi ya Kusini Mashariki ya Ziwa Victoria yenye makao makuu mjini Shinyanga, na Waanglikana na Wapentekoste wameenea katika mikoa yote miwili.

Nzengo na jumuiya

Mtu asiyeijua nzengo hawezi kuielewa huduma ya Kikristo katika eneo hili. Nzengo ni umoja wa majirani wa kitongoji. Mtu akifiwa, nzengo huchimba kaburi, huleta unga, kuni na maji, na hukaa msibani. Zamani vijana wa kitongoji walikuwa pia na kundi la kulima kwa zamu chini ya kiongozi wao, nsumba ntale. Shamba la mgonjwa au la mjane halikuachwa liote magugu.

Lakini nzengo ina masharti. Asiyehudhuria misiba ya wenzake hutozwa faini, na akirudia anaweza kutengwa. Aliyetengwa hasalimiwi, haombwi moto wala hapewi, na kwake kukitokea msiba hakuna anayekwenda. Anayevunja amri hiyo hutozwa faini naye. Sungusungu, jeshi la jadi lililoibuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika maeneo ya Shinyanga na Kahama ili kupambana na wezi wa ng'ombe, lilitumia adhabu hiyohiyo, tena si kwa wezi tu, bali pia kwa watu waliodhaniwa kuwa wachawi. Ni adhabu kali kuliko inavyoonekana kwa mgeni: katika kijiji kisicho na bomba wala duka la jirani, mtu asiyesemeshwa na yeyote hawezi kuishi muda mrefu.

Jumuiya ndogondogo za Kikristo ziliingia juu ya msingi huo. Mwaka 1973, na tena mwaka 1976, maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao wa AMECEA, waliamua kwamba maisha ya parokia yajengwe juu ya vikundi vidogo vya familia jirani. Jumuiya hukutana mara moja kwa juma, kwa kawaida nyumba kwa nyumba, husoma Injili ya Jumapili inayofuata, kisha hupanga kazi: nani mgonjwa, nani amejifungua, nani hajaonekana kanisani na kwa nini. Mfuko wake ni mdogo. Mara nyingi mchango si fedha bali debe la mahindi, kipande cha sabuni au siku moja ya kupalilia. Wanawake wa WAWATA, chama kilichoanzishwa mwaka 1972, ndio wanaobeba sehemu kubwa zaidi ya mzigo huo, jambo ambalo viongozi wa kiume huwa wepesi kulisifu kuliko kulirekebisha. AICT na KKKT wana ibada za nyumba kwa nyumba na vikundi vya akina mama vinavyofanya kazi ya namna hiyohiyo.

Kwa macho ya nje, jumuiya na nzengo hufanana, na wanachama ni walewale. Tofauti huonekana pale mwenye shida anapokuwa mtu asiyeweza kurudisha fadhili, au mtu ambaye nzengo yenyewe imemtoa. Hapo Mkristo hulazimika kuchagua. Akimpelekea maji aliyetengwa, naye anaweza kutengwa. Akinyamaza, amefanya kama kuhani na Mlawi waliopita upande wa pili wa barabara. Wapo waliochagua hivi na wapo waliochagua vile, na wa pili ndio wengi.

Padre Donald Sybertz wa Maryknoll, aliyeishi kwa miongo mingi katika parokia ya Ndoleleji, jimbo la Shinyanga, alikusanya pamoja na kamati ya wenyeji methali, hadithi na vitendawili vya Kisukuma vinavyohusu ujirani, ukarimu na umoja, akavitumia katika mahubiri na semina. Sehemu ya kazi hiyo ilitolewa katika kitabu alichoandika pamoja na Joseph Healey kuhusu teolojia ya Kiafrika ya masimulizi, kilichochapishwa mwaka 1996. Hoja yao ilikuwa kwamba Msukuma hahitaji kufundishwa upendo kama kitu kigeni. Anahitaji kuonyeshwa kwamba ule alionao tayari unapaswa kuvuka mpaka wa ukoo na kitongoji.

Wazee wanaotuhumiwa uchawi

Tangu miaka ya 1970 Usukuma umejulikana kwa mauaji ya wazee, hasa wanawake, wanaodhaniwa kuwa wachawi. Simeon Mesaki, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiye aliyeyachunguza kwa kina. Kwa kawaida mambo huanza na msiba au ugonjwa wa mtoto. Familia huenda kwa mpiga ramli, naye huelekeza kidole kwa jirani au ndugu. Usiku hufika watu wenye mapanga. Nyuma ya tuhuma mara nyingi kuna ugomvi wa shamba au urithi: mjane anayeishi peke yake kwenye ardhi nzuri yumo katika hatari kubwa kuliko mjane asiye na kitu.

Alama inayotajwa sana ni macho mekundu. Chanzo chake kinajulikana, nacho ni moshi. Katika sehemu nyingi za Shinyanga miti ilikwisha, kwanza kutokana na ukataji wa vichaka wakati wa ukoloni ili kupambana na mbung'o, kisha kutokana na mashamba ya pamba na wingi wa mifugo. Wanawake wakabaki kupikia mabua ya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe ndani ya nyumba zisizo na madirisha ya kutosha. Baada ya miaka 40 au 50 ya moshi huo, macho huwa mekundu. Mradi wa serikali wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, ulirudisha miti katika maeneo mengi kwa kufufua ngitili, yaani malisho ya akiba ya jadi, na mwaka 2002 ulipewa tuzo ya kimataifa ya Equator. Haukuanzishwa kwa ajili ya wajane, lakini kuni zake zimewafaa wao pia.

Kwa sababu hiyo mzigo wa kuni anaopelekewa bibi kizee, au jiko banifu analojengewa na vijana wa jumuiya, si zawadi ndogo. Humpunguzia moshi, na zaidi ya hapo huonyesha kijiji kwamba bibi huyo ana watu. Wanaojua mambo ya vijijini husema kwamba wauaji huchagua nyumba isiyotembelewa. Kikundi kinachopita kwake kila juma kwa sala na kumfulia nguo ni ulinzi, hata kama hakikukusudia kuwa hivyo.

Kikwazo kikubwa kimo ndani ya makanisa yenyewe. Uchunguzi wa taasisi ya Pew ya Marekani uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba asilimia 93 ya Watanzania waliohojiwa walisema wanaamini kuwa uchawi upo. Wanaokwenda kwa mpiga ramli Jumamosi na kanisani Jumapili si wachache. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa na Waingereza mwaka 1928, inakataza kumtuhumu mtu uchawi, lakini ni mara chache mtu hufikishwa mahakamani kwa kosa hilo kabla damu haijamwagika. Baadhi ya wahubiri huongeza moto wanapotumia mimbari kutangaza kwamba wamewaona wachawi wa mtaa. Kumwombea mgonjwa ni huduma. Kumtajia mgonjwa huyo jina la jirani aliyemloga ni ramli, hata ikifanywa na mtu mwenye Biblia mkononi.

Watu wenye ualbino

Kuanzia mwaka 2007 hivi mauaji ya watu wenye ualbino yaliongezeka katika Kanda ya Ziwa. Waganga waliwaaminisha wateja wao kwamba viungo vyao huleta utajiri, na waliotajwa sana kati ya wateja hao ni watafuta dhahabu na wavuvi. Mwaka 2008 Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, mwanamke wa kwanza mwenye ualbino kushika nafasi hiyo. Mnamo Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa kumuua kijana wa miaka 14 wa wilaya ya Bukombe. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya namna hiyo nchini. Hata hivyo, Februari 2015 mtoto wa mwaka mmoja alinyakuliwa kutoka mikononi mwa mama yake wilayani Chato, mkoa wa Geita, akakutwa amekufa. Mama alijeruhiwa vibaya alipokuwa akimtetea.

Shule ya Msingi Buhangija mjini Shinyanga, ya serikali, ambayo awali ilipokea watoto wasioona na viziwi, iligeuka kimbilio la mamia ya watoto wenye ualbino. Mabweni yalijaa kupita kiasi. Wakristo wa mjini, pamoja na Waislamu na watu wengine wenye mapenzi mema, wamekuwa wakipeleka unga, sabuni, kofia pana na mafuta ya kukinga ngozi na jua. Mafuta hayo si anasa, kwa sababu saratani ya ngozi huua watu wenye ualbino wengi kuliko mapanga. Aina mojawapo, Kilisun, ilianza kutengenezwa katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, ambayo mmiliki wake ni shirika la Kikristo lililochukua jina la Msamaria Mwema.

Kupeleka misaada Buhangija ni rahisi kuliko jambo la pili, ambalo ni kumrudisha mtoto kwao. Baadhi ya watoto waliletwa wakiwa wadogo sana, na wazazi wakaacha kuwatembelea. Kurudi kunahitaji kijiji kinachokubali kumlinda, mwalimu atakayemweka mbele karibu na ubao kwa sababu haoni mbali, na majirani watakaomsindikiza njiani. Ikiwa jirani yuleyule ndiye aliyekuwa tayari kumuuza, kanisa la kijiji lina kazi ambayo lori la misaada haliwezi kuifanya.

Machimboni

Katika machimbo madogo ya Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu mkoani Geita, na Nyangalata wilayani Kahama, hakuna nzengo ya zamani. Watu hufuata taarifa ya dhahabu na kuhama inapokwisha. Wengi hujulikana kwa jina la utani tu. Wanaume hushuka katika maduara yaliyoegemezwa kwa magogo; wanawake huponda mawe, huosha mchanga kwenye mialo au huuza chakula; na zebaki hushikwa kwa mikono mitupu, kisha huchomwa hata kwenye jiko la nyumbani. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya mwaka 2013, iliyohusu pia Geita na Kahama, ilieleza kazi ya watoto machimboni, wengine wakiwa yatima wanaojitafutia chakula na ada ya shule.

Makanisa ya machimboni huanza kwa turubai na miti. Ya Kipentekoste ndiyo hufika mapema. Wakatoliki hufuata kwa kuunda jumuiya hata kabla ya kigango. Kazi ya kwanza ya vikundi hivyo ni wagonjwa wasio na ndugu. UKIMWI, kifua kikuu na vumbi la mawe vimewaacha wachimbaji wengi wakiwa wamelala peke yao katika vyumba vya kupanga. Mhudumu wa kujitolea huwapelekea uji, huwakumbusha dawa na huwasindikiza kliniki. Mjini Geita, kituo cha Moyo wa Huruma cha Jimbo Katoliki hulea watoto yatima na walio katika mazingira magumu. Mgodi wa Geita umekuwa mmojawapo wa wafadhili wake.

Ufadhili wa aina hiyo huleta swali ambalo halijapata jibu moja. Sadaka za parokia za ukanda huu hutoka katika dhahabu ileile ambayo kwa ajili yake watoto hushika zebaki na wengine huwaendea waganga. Mweka hazina hana njia ya kujua fedha iliyo kwenye kikapu imepitia wapi. Wapo mapadre na wachungaji wanaohubiri wazi juu ya jambo hilo, na wapo wanaolikwepa, kwa kuwa mwenye duara lenye mali ndiye pia aliyenunua mabati ya kanisa.

Ajali za kufukiwa na kifusi ndizo zinazowakutanisha wote. Mnamo Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa huko Nyangalata, na watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41, walipokuwa tayari wamehesabiwa kati ya wafu. Januari 2017 watu 15, mmoja wao raia wa China, waliokolewa kutoka mgodi mmoja huko Nyarugusu baada ya siku kadhaa chini ya ardhi. Katika ajali kama hizo wanaochimba usiku na mchana ni wachimbaji wenzao, na hakuna anayeuliza dini ya aliye chini. Wanawake wa makanisa hupika kandokando ya shimo na kukaa na wake waliokuja kusubiri.

Asiyeokolewa, au anayekufa chumbani, huzikwa na waliokuwa karibu naye. Jumuiya huchanga sanda na jeneza, vijana huchimba kaburi, na katekista au mwinjilisti huongoza ibada hata kama haijulikani marehemu alibatizwa wapi, au kama alibatizwa. Ndugu wakifika baada ya miezi, kwa kawaida huelekezwa kwanza kwa watu wa jumuiya, kwa sababu ndio wanaokumbuka kaburi ni lipi.